Wenyewe Mwisho

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, nyepesi, ya kutuliza vumbi tu. Nimenunua daftari hili kwa sababu nimechoka kuongea peke yangu kichwani. Nilimaliza chuo Novemba, nimetuma barua za kuomba kazi sehemu kumi na moja, na tangu hapo ninatazama simu. Mama anasema hajawahi kuona simu iliyolia kwa kutazamwa.

Leo Mkunga alikuja kuchukua gauni lake. Amestaafu sasa, lakini nusu ya vijana wa mtaa huu, mimi nikiwemo, tulipokelewa na mikono yake, na hatuachi kukumbushwa. Alijigeuzageuza mbele ya kioo cha Mama.

"Mshonaji, hapa kiunoni umenibana, au ni mimi nimenenepa?"

"Gauni halijabadilika tangu juzi," Mama alimjibu, sindano mdomoni.

Mkunga akanigeukia. "Na wewe Msomi, unafanya nini siku hizi?"

"Nasubiri."

"Basi njoo usubirie kwetu. Chama kinatimiza miaka arobaini mvua zikiisha. Tunataka historia yetu iandikwe, na sisi tunaoijua hatujui kuandika, na wanaojua kuandika hawakuwepo."

Mkasi wa Mama ulisimama katikati ya kitambaa. Nilidhani atakataa. Akasema tu, "Aende, kama anataka," na mkasi ukaendelea.

Nimekwenda mchana huohuo. Chama kiko kwenye jengo lililokuwa la kusagia unga. Pembeni mwa kuta bado kuna weupe usiotoka. Nusu ya jengo ni karakana, nusu nyingine ina meza ndefu na viti vya plastiki. Kazi yao ni kuazimisha viti vya magurudumu, magongo na vitanda vya wagonjwa kwa yeyote anayehitaji, bure, mpaka atakapokuwa havihitaji tena. Ukutani, kwa rangi ya buluu, pameandikwa: WENYEWE MWISHO.

"Kanuni ya nne," Mkunga alinieleza. "Mwanachama akihitaji kitu, yeye au ndugu yake, anakaa mwisho wa foleni. Na mtu mpya akija, anampita. Ndiyo maana watu wanatuamini."

Niliipenda kanuni hiyo papo hapo. Nimekulia kati ya watu wanaojitanguliza wao. Niliiandika kiganjani nisije nikaisahau.

Mwenyekiti ni mpima ardhi mstaafu, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha kooni, suruali zinaburuzika kidogo visiginoni kana kwamba amepungua ndani yake. Alinikabidhi sanduku la bati. "Mihtasari ya vikao vyote. Vitabu kumi na kimoja. Kurasa arobaini, binti. Usizidishe na usipunguze."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kitabu cha kwanza kinanuka panya. Kila kikao kina mpangilio uleule: Mahudhurio, Yatokanayo, Taarifa ya Karakana, Mengineyo, Kufunga. Watu wote wameandikwa kwa kazi zao. "Mshona viatu alishauri." "Mkunga alipinga." Nimehesabu: katika kitabu cha kwanza pekee, Mkunga alipinga mara kumi na saba.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi ndiye karakana yenyewe. Alikuwa anatengeneza baiskeli sokoni, na kwa miaka thelathini amekuwa akizigeuza baiskeli mbovu kuwa viti vya magurudumu. Hukaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jioni na kuagiza dunia nzima imfuate.

"Msomi, spana ya kumi na tatu. Msomi, grisi. Msomi, lile tairi pale. Hapana, mwenzake."

Aliniagiza mara ishirini na sita. Yeye hakuinuka hata mara moja. Nilipomwambia, kwa adabu, kwamba nimekuja kuandika, alisema, "Kwani miguu nayo inaandika? Iache ifanye kazi."

Nadhani ni mvivu. Mvivu mwenye mikono ya ajabu, lakini mvivu.

Ana kijiti cha kupimia alichokitia alama kwa kisu. Viti vyote vya chama vina upana mmoja, kwa hiyo kitambaa cha kukalia kikitolewa kwenye kiti kilichokufa kinaingia kwenye kingine bila kukatwa. Anajivunia hilo kuliko kitu chochote.

Nimerudi na grisi kwenye nyusi. Mama alinifuta kwa kidole gumba na hakuuliza kitu. Ajabu, kwa mtu anayeuliza hata niliyesalimiana naye njiani.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimelala.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejua kanuni ya nne ilitoka wapi. Katika mwaka wa pili, vitanda viwili vya kwanza vya chama vilikwenda kwa kaka wa katibu na kwa mama mkwe wa mshona viatu. Asubuhi moja walikuta mlango umeandikwa kwa mkaa: CHAMA CHA MASHEMEJI. Kwa miezi mitano hakuna mtu aliyekuja kuomba hata gongo. Halafu kijana mmoja, mpima ardhi, akasimama na kupendekeza maneno mawili, wenyewe mwisho. Mkunga alipinga. Ilipita.

Nimeandika ukurasa huu kwa furaha. Aibu ile iliwafanya wajirekebishe. Vitabu vya chuo havikuwahi kunionyesha watu wakijirekebisha, vilinionyesha wakipinduana tu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimekwenda na Mkunga kupeleka kiti kwa dereva mmoja wa malori aliyekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Alikizunguka kwa macho kama mtu anayenunua gari.

"Breki zake vipi?"

"Zipo," alisema Mkunga.

"Na kikiteleza kwenye matope?"

Mke wake akadakia, "Baba, kaa kwanza. Taa za nyuma utaziulizia baadaye."

Akakaa. Akaenda mpaka getini, akakwama kwenye tope, akakataa kusukumwa. Alirudi nyuma taratibu, akakata kona, huku akiunguruma kooni kama injini. Mke wake alikuwa anacheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga, na sikujua ni lipi lilianza.

Njiani Mkunga alisema, viatu mkononi, "Unaona? Kwa hili nimevumilia vikao vya yule mzee miaka arobaini."

Sikumbuki mara ya mwisho nilipotembea kwenye matope nikiwa na furaha hivi.

Jumanne, 19 Machi

Barua moja kati ya zile kumi na moja imejibiwa: hapana. Nilisoma, nikarudi kwenye kitabu cha sita. Baada ya saa nzima ndipo nilipokumbuka kwamba nilipaswa kuumia.

Jumamosi, 23 Machi

Sijui niandike vipi. Nitaandika kwa mpangilio.

Tangu kitabu cha tano kulikuwa na mtu anayeitwa Mshonaji. "Mshonaji ameleta vikalio vinne vya viti." "Mshonaji ameomba uzi mnene." Nilimpitia harakaharaka kama nilivyompitia mshona viatu. Mji huu una washonaji wengi.

Leo nimefika kitabu cha saba, mwaka wa ishirini na mbili. Chini ya Mengineyo:

"Mshonaji aliomba kiti kwa ajili ya mama yake aliyepooza. Kanuni ya nne. Asubiri."

Wiki mbili baadaye: "Mshonaji aliuliza kuhusu ombi lake. Kuna tisa mbele. Asubiri."

Wiki mbili tena: "Mshonaji aliuliza. Kumi na mmoja mbele. Asubiri."

Kisha: "Mshonaji alikumbusha. Asubiri."

Kikao kilichofuata, kwenye Mahudhurio: "Mshonaji, hayupo, hana udhuru." Mara tatu hivyo, halafu jina la kazi yake halionekani tena.

Niliangalia tarehe. Nilikuwa na miaka sita. Na Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma kile ambacho sasa tunaweka vitambaa.

Ninachokumbuka kuhusu Bibi ni swali lake. Chumba kile kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kila nilipoingia aliniuliza, "Nje kuna nini?" Nami nikamwambia: kuna paka, kuna maji, kuna mtu ameanguka na baiskeli. Akisikia mtu ameanguka alifurahi, akataka nieleze tena, alianguka upande gani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza maishani, kumletea nje.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye hakuwa anatoka.

Jumapili, 24 Machi

Nilimngoja Mama amalize pindo. Nikaweka kitabu cha saba juu ya meza ya cherehani, kimefunguliwa. Alisoma mistari minne, kisha akachomoa uzi uliobaki kwenye sindano.

"Huu mwandiko ni wa Mwenyekiti," alisema. "Siku hizo alikuwa katibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka sita. Ungefanya nini?"

"Sasa nina ishirini na nne, Mama."

"Basi sasa nimekwambia."

Nilidhani ameishia hapo. Lakini aliendelea, akiongea zaidi na cherehani kuliko na mimi.

"Nilikuwa nao miaka saba. Kila mwaka kanuni zilisomwa, na ikifika ya nne nilinyoosha mkono wa kwanza. Nilikuwa naipenda ile kanuni. Sasa ningemlaumu nani? Asubuhi nilikuwa nambeba bibi yako mpaka mlangoni, lakini mgongo ulinishinda. Alikuwa mzito, na anacheka ukimbeba, anazidi kuwa mzito." Alifunga kitabu. "Alikufa mvua zikiisha. Mbele yake walikuwa saba."

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 26 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimeandika ukurasa wa ishirini na mbili. Nimeuandika mara tano.

Jumamosi, 30 Machi

Nilimpa Mwenyekiti ukurasa ule. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kilipofika kwa Mshonaji kilisimama.

"Ni kweli?" nilimuuliza.

"Ni kweli."

"Basi ubaki."

"Hiki ni kitabu cha sherehe, binti." Akauchukua ukurasa, akauweka chini kabisa ya rundo, akasawazisha kingo za karatasi zote kwa viganja viwili, kwa unadhifu.

Nakichukia kile kifungo cha kooni. Nachukia hata namna anavyosawazisha karatasi.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Fundi hakunisikia nikiingia. Si siku ya watu kuja. Alikuwa amekishika kiti kibovu kwa mkono mmoja na meza kwa mkono mwingine, anajaribu kusimama. Alifika nusu. Kisha magoti yakamwacha, akaenda chini na sanduku la spana.

Nilimkimbilia. Akasema, "Pole na kelele," kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nilimkalisha kwenye kigoda. Tukaokota spana pamoja, mimi nikitembea, yeye akinionyesha.

Magoti yake yamekwisha tangu mwaka juzi. Asubuhi huja kabla ya wote, akiegemea baiskeli. "Wanadhani naisukuma. Yenyewe ndiyo inayonisukuma." Jioni huwa wa mwisho kuondoka. Na kigoda, na "Msomi, spana," na zile safari zangu ishirini na sita. Nilikaa pale nikiona aibu kwa neno nililoliandika kwenye daftari hili.

"Sasa hata baiskeli hainitoshi," alisema. "Mvua zikiisha nitawaambia nimezeeka, nabaki nyumbani kupumzika."

"Na viti atatengeneza nani?"

Aliirudisha spana ya kumi na tatu sandukuni.

"Fundi, si uombe kiti."

"Mimi ni mwanachama. Mbele yangu kuna kumi na watatu, na kila wiki anaongezeka mmoja. Sasa nikae mwisho wa foleni, na foleni nzima inanisubiri mimi nitengeneze. Hesabu hiyo walikufundisha chuoni?"

"Basi jitengenezee kimyakimya. Nani atajua?"

Alinitazama kwa huruma. "Kwa vyuma vya chama, Msomi? Miaka thelathini nimevilinda, leo nivikalie?"

Aliniapisha nisiwaambie wanachama.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama si mwanachama. Nimemwambia Mama.

Alikwenda chumba cha nyuma, akahamisha majora mawili ya vitambaa, akatoka na kifurushi cha gazeti lililogeuka njano. Ndani kulikuwa na kikalio cha turubai la kijani, kingo zimekunjwa mara mbili, mshono mara tatu, hakijawahi kukaliwa. Juu yake kipande cha uzi chenye mafundo mawili.

"Kipimo," alisema. "Alinipa Fundi, siku ile ya 'asubiri' ya tatu. Aliniambia, wewe shona tu, mimi nitaivunja baiskeli yangu mwenyewe, ya chama siigusi. Fremu ilikuwa imefika nusu."

Aliukunja uzi kwenye kidole chake.

"Nilipoacha chama sikumuaga hata yeye. Nimepita njia nyingine kwenda sokoni miaka kumi na minane."

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi aliniagiza mara thelathini na moja. Nilikimbia zote.

Jumamosi, 13 Aprili

Maji yameingia karakana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tumeinua kila kitu juu ya meza. Mkunga amemwambia Mwenyekiti akunje suruali au aitumie kupigia deki. Fundi alibaki kwenye kigoda katikati ya maji akisema yeye ni nahodha na haachi chombo. Walicheka wote. Mimi tu nilijua kwa nini hasogei.

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao. Watu tisa. Mimi ndiye ninayeandika muhtasari siku hizi, kwa sababu katibu ana mtoto mchanga.

Mwenyekiti aliniomba nisome sehemu ya historia ili wajumbe waonje. Nilikuwa nimepanga kusoma kuhusu vitanda viwili na maandishi ya mkaa, yanachekesha. Nilisoma hayo, wakacheka. Kisha mkono wangu ukaenda chini kabisa ya rundo, na nikasoma ukurasa wa ishirini na mbili. Nilisoma "asubiri" zote nne.

Bati lilikuwa kimya, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mkunga ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Mimi hupinga kila kitu. Siku zile zote nne nilikuwepo. Sikupinga."

Mwenyekiti alisimama. Nilijiandaa kwa neno sherehe. Alisema, "Ule mwandiko ni wangu," kisha akakaa.

Nilitaja kipengele kinachofuata kwa sababu sikujua la kufanya. "Mengineyo."

Fundi alinyoosha mkono. Katika vitabu vyote kumi na kimoja Fundi hana hata mstari mmoja chini ya Mengineyo.

"Nina ombi," alisema. "Magoti yangu yamegoma. Naomba kiti. Sikutaka kuomba, lakini nimesikia alivyoomba Mshonaji, mara nne, na mimi nimekaa hapa naogopa mara moja."

Watu walianza kuongea wote kwa pamoja. Mshona viatu alitaka Fundi apewe papo hapo kiti kilichokuwa karakana. Mkunga aliinuka kuyafuta yale maandishi ya ukutani kwa kanga yake. Mwenyekiti aligonga meza.

"Kanuni haibadilishwi bila notisi ya siku kumi na nne."

"Mzee," alisema Mkunga, "ukifa utamwomba Mungu notisi."

"Siku kumi na nne," alisema Mwenyekiti. "Binti, andika."

Niliandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jumatatu, 22 Aprili

Barua nyingine: hapana.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimepeleka magongo kwa mjane mmoja aliye kwenye orodha ya viti, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Ameniuliza, "Yule mzee wenu mrefu amefika salama? Alikuja jana na mvua yote ile, suruali imelowa mpaka magotini. Nilimpa chai."

"Alifuata nini?"

"Aliniuliza kama nitakubali fundi wenu atangulie mbele yangu. Akasema, ukikataa hatutakuona vibaya, foleni ni yako. Nikamwambia atangulie. Viti si anatengeneza yeye?"

Nilipita kwa mwingine kwenye orodha. Alikuwa amefika. Nilipita kwa wa tatu. Alikuwa amefika, kwa miguu, na alikataa kusindikizwa.

Nimekaa kitandani na daftari hili kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshamwandika Mwenyekiti, nikamfunga, nikamweka kwenye rafu.

Jumapili, 28 Aprili

Nilikuwa nakata nyuzi pale sebuleni anaposhonea Mama, Mwenyekiti akabisha hodi. Alikuwa amebeba suruali tatu zimekunjwa vizuri mno.

"Mshonaji. Habari za siku."

"Nzuri. Karibu."

"Nimeleta hizi. Zimekuwa ndefu."

"Suruali hazirefuki," alisema Mama. "Simama hapa."

Alimpima. Alizunguka magotini, akachomeka pini. Mwenyekiti alikuwa amesimama wima kama nguzo zake za kupimia mipaka, macho dirishani.

"Nilifikiri kanuni ikimbana mtu ninayemheshimu ndipo itakuwa kanuni kweli," alisema hatimaye, kwa dirisha. "Nilijivunia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimemkatalia hata Mshonaji. Akaacha kula, akaniuliza, na mama yake anaendeleaje? Sikuwa najua."

Mama alichomeka pini nyingine.

"Nisamehe, Mshonaji."

"Geuka."

Akageuka. Mama alimaliza mguu wa pili, akainuka, akajinyoosha mgongo, akaandika vipimo kwenye kitabu chake.

"Lini nizifuate?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kuna watu mbele yako," alisema Mama. "Utasubiri."

Nilishusha uso kwenye nyuzi. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa alichostahili. Alipofika mlangoni, Mama akamwambia, "Mwenyekiti. Chukua mwavuli." Akamkopesha wetu.

Jumamosi, 4 Mei

Notisi imetimia. Kanuni ya nne sasa inasema mwanachama ataingia foleni kama mtu mwingine yeyote, hatangulii na hapitwi. Wote walikubali isipokuwa Mkunga, aliyetaka maneno ya ukutani yafutwe leoleo. Mwenyekiti anasema rangi ibaki kwa sababu ni historia. Nimeandika: Mkunga alipinga.

Kuhusu Fundi, Mwenyekiti alisoma ripoti. Kati ya watu kumi na watatu, kumi na wawili wamekubali atangulie. Mmoja, wa kwanza kwenye foleni, mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jengo na kuvunjika nyonga, amekataa. Ana watoto, anasema, na amesubiri vya kutosha.

"Ana haki," alisema Fundi. "Ningekuwa yeye ningekataa pia. Leteni fremu, cha kwake kwanza."

Jumanne, 7 Mei

Hapana ya tatu. Mkunga anasema nimtume yeye akawapinge.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi amemaliza kiti cha mwashi saa nne asubuhi. Nimekipeleka na Mkunga. Mwashi alitazama chini alipokuwa anakaa, akasema mwambieni fundi ahsante na anisamehe. Tuliporudi na ujumbe, Fundi alisema, "Mwambieni akaze nati za nyuma kila mwezi. Msamaha baadaye."

Kisha akaanza cha kwake. Fremu ya baiskeli nyekundu, magurudumu mawili mapya. Ilikuwa saa nane alipofika kwenye kitambaa cha kukalia. Kwenye ndoano hapakuwa na kitu. Cha mwisho kilikuwa kimeingia kwenye kiti cha mwashi.

Nilitazama mlango. Sikuwa nimemuita, naapa. Mama alikuwa amesimama kizingitini, kifurushi cha gazeti kifuani, anatazama zile kuta zenye unga.

"Hodi," alisema.

Fundi hakuinua kichwa mara moja. Nadhani aliijua sauti.

"Umechelewa, Mshonaji."

"Kulikuwa na watu mbele yangu."

Akampa kifurushi. Fundi alikifungua, akauona uzi wenye mafundo mawili, akaupitisha kati ya vidole. Alikitandaza kikalio juu ya fremu. Hakuchukua kile kijiti chake. Matundu yalikaa juu ya matundu, yote sita, baada ya miaka kumi na minane.

"Ni cha mama yako," alisema.

"Hakuwahi kukikalia. Na kiwepo kitu kimoja katika nyumba yangu kilichofanya kazi yake."

Mimi ndiye niliyekaza nati. Wao hawakuwa wanaona vizuri.

Jumamosi, 18 Mei

Jua tangu asubuhi. Barabara inafuka mvuke.

Sherehe ilikuwa fupi na ilichelewa kuanza. Dereva wa malori alikuja kwa kiti chake, akaegesha mbele kabisa, akaunguruma. Kitabu kina kurasa arobaini na moja. Mwenyekiti alizihesabu mbele yangu, akafika mwisho, akarudi ukurasa wa ishirini na mbili, akasema, "Umezidisha mmoja," na akakisaini.

Mama alimfuata na suruali tatu ndani ya karatasi. Mwenyekiti alikwenda ofisini kuzijaribu pale pale, akatoka amevaa moja, viatu vyake vinaonekana vyote viwili. Mkunga alimzunguka na kusema leo ndiyo kwanza anajua kwamba Mwenyekiti ana visigino.

Tulifanya kikao kidogo baadaye, kwa sababu Mwenyekiti hawezi kuona watu wamekaa mezani bila kufungua kikao. Mahudhurio: kumi na mmoja. Nimeandika, kwa mwandiko wangu bora: Mshonaji, yupo. Mengineyo: hakuna.

Watu walipoanza kuondoka, Mama aliishika mikono ya kiti cha Fundi bila kumuuliza, akamsukuma hadi mlangoni, gurudumu la mbele likagusa jua. Akainama nyuma yake, mahali ambapo hawezi kuona njia kwa sababu ya kichwa cha Fundi.

"Nje kuna nini?" alimuuliza.

Fundi alidhani ni swali la kawaida. Alijiweka sawa kwenye turubai la kijani na kulijibu kwa makini, kama anavyofanya kila kitu.

"Kuna matope. Kuna baiskeli mbili, moja mnyororo umelegea. Mkunga anagombana na mtu. Na kuna mtu ameanguka kule kwenye tope."

"Ameanguka upande gani?" aliuliza Mama.